Bingwa apande kwa haki yake

Mwandishi wa makala niliyoisoma anasema mfumo wa alama uliopendekezwa na kampuni ya michezo ya IMG, unaopima klabu ili kuamua zipi zicheze daraja la juu, umeiletea Super League ya Uingereza, yaani ligi kuu ya raga ya wachezaji 13, utulivu ambao kupanda na kushuka daraja kusingeuleta. Nakubali kwamba kushuka kunaumiza: fedha za televisheni zinapungua, wachezaji wazuri wanaondoka. Lakini hebu tuiangalie klabu ya London Broncos. Oktoba 2023 walisafiri hadi Toulouse, Ufaransa, ugenini kabisa, wakashinda fainali ya daraja la pili 18-14 na kupanda. Mwezi huohuo zikatoka alama za majaribio, wao wakawekwa nafasi ya 24! Wakaingia msimu wa 2024 wakijua kwamba hata wakicheza vizuri, karibu hakika watarudishwa chini. Na ndivyo ilivyokuwa. Katika hali hiyo mchezaji gani mzuri atakubali kusajiliwa?

Katika alama 20 za mfumo huo, matokeo ya uwanjani yana 5 tu. Nyingine ni za mashabiki, fedha, uwanja na kazi za kijamii. Yaani robo!

Na huo utulivu wenyewe uko wapi? Leseni, yaani klabu kupewa nafasi ya ligi kuu bila kupanda na kushuka daraja, zilishajaribiwa kuanzia 2009. Celtic Crusaders ya Wales ikapewa nafasi, na mwaka 2011 ikajitoa.

Wekeni masharti ya chini ya uwanja na hesabu safi, yakaguliwe kabla msimu haujaanza. Klabu ikiyatimiza na ikatwaa ubingwa, ipande, na ya mkiani iipishe. Mashabiki wa klabu za madaraja ya chini wanalipa kiingilio kama wengine, nao wanastahili kuota.