RX-8 inakula esansi? Tuhesabu kwanza ile 1.3

Kila mara Mazda RX-8, ile gari ya spoti, ya bei chini inaonekana kwenye matangazo ya Japani, Lubumbashi inagawanyika. Vijana banasema ile moteri ni ya maajabu, bamekanisie bakubwa banasema moteri yake ya rotori (fasi ya pistoni kuko kipande cha pembe tatu kinachozunguka) ni ugonjwa, inakunywa esansi, inakula mafuta, inakufa mbiyo, nunua Toyota IST ulale. Kwa taxi niko na bao kabisa. Lakini ugonjwa? Apana, pale banaionea.

Tuanze na esansi juu njo wimbo wa kila siku: "1.3 inakunywa kama 3.0!" Sasa ile 1.3, njo litre za moteri, inatoka wapi? Moteri ya RX-8 iko na rotori mbili, kila moja banaandika 654 cc, unajumlisha unapata 1.3. Ila ile 654 ni ya uso moja tu, na rotori iko na nyuso tatu, zote zinatumika. Rotori ikizunguka mara moja mhimili unazunguka mara tatu, kwa hiyo kila mzunguko wa mhimili rotori inawaka mara moja, wakati silinda ya pistoni inangoja mizunguko miwili juu iwake mara moja. Fanya hesabu wewe mwenyewe: mu mizunguko miwili, pistoni ya 1.3 inavuta litre 1.3, hii yetu inavuta 2.6. Njo maana ile ya manuel ya vitesi sita inapita farasi 220 bila turbo, IST itazitoa wapi? Hata kodi ya mutoka kule Japani haidanganyiki na ile 1.3, banaizidisha mara 1.5. Basi ukitaka kuishitaki kwa kunywa, iweke pembeni ya moteri ya 2.6, na hapo bado itashindwa, sikatai, juu fasi esansi inawakia ni ndefu na nyembamba, joto inapotelea mu kuta, esansi ingine inatoka bila kuungua. Bei ya mafuta ilipopanda 1973 ile kasoro iliumiza Mazda sana. Lakini kushindwa na 2.6 na kuwa mwizi ni mambo mbili.

Mafuta ya moteri pia. Mu Corolla mafuta ikipungua unajua segma zimechoka. Mu rotori kuko pompe inasukuma mafuta kidogo kidogo ndani kabisa juu ya kulainisha zile sili zinazokaa kwenye pembe tatu za rotori na kuziba, inaungua, inatoka, bamechora vile. Mutu wa hapa anangoja taa nyekundu njo afungue kapo, na siku ile sili zimeshakwisha. Nani mugonjwa hapo, moteri ao mwenyewe?

Kingine kinaziua mu paseli zetu: unawasha moteri baridi, unarudisha mutoka metre tatu juu ya shemeji atoke, unazima. Vitz haijali. RX-8, esansi ya baridi inabaki ndani, inalowesha buji, inaosha mafuta kwenye sili, kesho haiwaki. Iache ipate moto kwanza, basi.

Ile sifa mbaya ni ya zamani, NSU Ro 80 ya 1967, ya kampuni ya Ujerumani, gari ya rotori nzuri ajabu, ila sili zilikuwa zinakwisha mapema na kampuni ikabadilisha moteri kwa garanti mpaka pesa ikakauka, 1969 ikaingia mikononi mwa Volkswagen. Batu bamebaki pale. 1991 Mazda 787B ya rotori nne ilizunguka saa 24 mu mashindano ya Le Mans, Ufaransa, ikashinda pistoni zote, hiyo haitajwi mu garaji.

Sasa haki ya bamekanisie, na ni kubwa: pistoni ikichoka, hapa hapa silinda inachongwa upya, unaweka pistoni na segma za saizi ya juu, wiki mbili uko barabarani. Nyumba ya rotori ikikwaruzwa huwezi kuichonga vile, umbo lake si duara na juu iko na ngozi ya chrome, unaagiza ingine mbali, na bei inaweza kupita ya mutoka. Mutu wa kipato cha kawaida, mu barabara ya Kasumbalesa, achukue pistoni tu.

Na ule unaitaka kwa moyo, usikubali muuzaji akupimie kompresheni (nguvu ya moteri ya kubana hewa) na mita ya pistoni. Ile inashika namba ya uso wenye nguvu zaidi na kuficha mbili zingine, uso moja unaweza kuwa umekufa na mita inacheka. Omba namba tatu kwa kila rotori, sita jumla. Akikuletea mbili, lipa bei ya bodi na viti.