Submodule au subtree: nani abebe mzigo wa repo nyingi?

Programu ya simu, tovuti na huduma ya malipo, kila moja ina repo yake (hifadhi ya msimbo na historia yake), na zote tatu zinategemea maktaba moja ya msimbo. Maktaba hiyo ikae wapi? Kwa watumiaji wa Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, ubishi mkubwa ni kati ya `git submodule` na `git subtree`, kiongezi alichoandika Avery Pennarun, kikaingizwa kwenye folda ya contrib (ya viongezi vya ziada) ya Git mwaka 2012.

Submodule haiweki msimbo wa maktaba ndani ya repo mama, yaani repo inayoitumia maktaba. Huweka anwani kwenye faili la `.gitmodules`, na kwenye historia ya repo mama huweka namba ya komiti (badiliko lililohifadhiwa) moja tu. Hapo ndipo nguvu yake ilipo: ukirudi kwenye toleo la mwaka jana, unajua bila kubahatisha maktaba ilikuwa komiti ipi. Lakini kila anayeigusa repo hulipia. Aliyeikloni (aliyejinakilia repo) bila `--recurse-submodules` hukuta folda tupu, hadi aendeshe `git submodule update --init --recursive`. Amri hiyo humwacha nje ya tawi lolote, yaani mstari wa kazi wenye jina. Akiandika komiti hapo kisha akasasisha tena, kazi yake hubaki haina tawi, na itabidi aisake kwa `git reflog`, rekodi ya mahali alipopita.

Kosa linaloumiza zaidi ni kusukuma (kupeleka kwenye seva) repo mama na kuisahau maktaba. Wenzako hupokea namba ya komiti ambayo seva haina, na kazi ya kila mtu inakwama. Kinga ni `git config push.recurseSubmodules check`, inayokataa kusukuma mpaka maktaba itangulie. Mpangilio huu hausafiri na repo, kwa hiyo kila mmoja auweke kwenye mashine yake.

Subtree hunakili msimbo wenyewe, na `--squash` huibana historia ya maktaba kuwa komiti moja:

`git subtree add --prefix=lib/malipo ANWANI main --squash`

Mgeni anakloni kama kawaida na kuanza kazi. Ugumu uko kwenye kurudisha mabadiliko kwenye repo ya maktaba. `git subtree push` hupitia historia komiti kwa komiti, na kwenye repo kongwe utasubiri sana. Halafu kuna `git rebase`, inayoandika upya komiti zako juu ya nyingine: ikipita juu ya komiti ya `subtree add`, huondoa muunganiko, na mafaili ya maktaba yanaweza kumwagika kwenye mzizi wa repo. Tumia `git merge`, inayounganisha bila kuandika upya.

Kwa hiyo gharama ya submodule hulipwa na timu nzima kila siku. Ya subtree hulipwa na mtu mmoja, siku ya kurudisha. Timu ndogo inayochukua kutoka kwenye maktaba mara nyingi na kurudisha mara chache, naona ichague subtree bila kusita. Submodule inastahili pale maktaba ina ruhusa zake za kuisoma: mkandarasi asiye na ruhusa hizo bado ataikloni repo mama, na folda ya maktaba itabaki tupu kwake.