Fundi upepo

Yaani mpaka leo nikipita kijiweni wananiuliza, "fundi upepo, leo tunalaza nguzo saa ngapi?"

Mimi naishi Singida, upepo huku hatununui, ndo maana nikavuta mtambo mdogo wa upepo wa volti 12 nikausimika nyuma ya nyumba juu ya bomba la mita 9, majirani wakauita pangaboi. Ulikuwa unachaji betri fresh tu. Sasa mwezi wa nane, upepo unataka kung'oa mabati, lenyewe linazunguka kiuvivu kama limetumwa dukani, betri ikalala, taa zikafifia.

Nikasema beringi hizo. Nikaita vijana watatu tukalaza nguzo, nikafungua, beringi nzima, nikapaka grisi basi tu, tukasimamisha, soda tatu. Vilevile. Kesho yake nikasema sumaku zinakwaruza, tukalaza tena, soda tatu zingine, hamna kitu. Siku ya tatu nikabadilisha dayodi zote sita, vile vidude vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, maana dayodi ikipiga shoti mtambo unajifunga breki wenyewe (hilo nalijua, niacheni nijisifu kidogo), wapi!

Ndo nikafanya kile ambacho mwenye akili angeanza nacho, nikachomoa zile waya tatu zinazoshusha umeme, pale chini ya nguzo. Weee! Dude halina mzigo wa kulishika, likavuma kama helikopta, nguzo inatetemeka, kuku wote kwa jirani, vijana wangu wa soda sijui walipitia wapi. Nikakumbuka waya tatu zikigusana linapoa, basi nikazikusanya. Kwa mikono mitupu. Nilikaa chini bila kukaribishwa. Mara ya pili nikatumia koleo.

Kumbe huko juu hakuna ubovu, ugonjwa uko chini. Nikafuata waya mpaka sebuleni, kwenye swichi ya breki niliyofunga mwenyewe, ile ya kuunganisha waya zote tatu dude lisimame. Imebonyezwa. Chini yake kakaa mama mkwe, aliyefika wiki hiyohiyo kutoka Kiomboi, anachambua mchicha.

"Baba Neema, hiyo nilizima mimi siku ile nilipofika. Linavuma mno, silali. Nilidhani mmeona."

Mama mkwe huyo, utamwambia nini? Nikasema, "Hamna shida mama, umefanya vizuri." Nikairudisha taratibu kama naiba.

Saa tatu usiku, niko kitandani, nasikia sebuleni: ta!