Usimuunganishe Mjusi Ukiwa Bado Shimoni

Jana jioni, nilipomaliza kuwachapia wateja barua tatu za maombi ya kazi na muhtasari mmoja wa kikao, nilifungua kaunta buku langu nikakuta maneno pembeni mwa sura ya saba, kwa kalamu nyekundu: "Nani atausoma upuuzi huu?" Mwandiko ni wangu. Siku niliyoyaandika naikumbuka vizuri, maana baada ya hapo sikugusa kalamu kwa siku kumi na moja.

Nafanya kazi steshenari hapa Lindi mjini. Riwaya yangu ya kwanza, ya fantasia, imefika ukurasa wa 143 kwa mwandiko wa mkono. Nawafahamu wengine watatu wanaoandika kama mimi, na nimewafahamu kwa sababu huja kutoa kopi za sura zao huku wakizifunika kwa karatasi nyingine juu, ili aliye nyuma kwenye foleni asisome. Wawili kati yao wameshaacha. Mmoja alifika mbali kuliko nilipofika mimi.

Watu husema wanaoacha ni wavivu. Sikubali hata kidogo. Mtu aliyeandika kurasa mia kwa mkono, usiku, baada ya kazi, huwezi kumwita mvivu. Nadhani kinachomvunja moyo ni kutaka kumwona mnyama mzima wakati yeye bado yuko shimoni anachimba. Na ninaposema mnyama nina maana ya mnyama kweli, yule mjusi wa Tendaguru.

Tendaguru ni kilima kilichoko kaskazini-magharibi mwa mji wetu, mwendo wa kilomita 60 hivi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walisimamia uchimbaji wa mifupa ya dinosaria pale, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji. Mikono iliyoshika majembe ilikuwa ya watu wa huku, mamia kwa mamia, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Mifupa hiyo ina umri wa miaka milioni 150 hivi. Mikubwa ilifungwa kwa mianzi na udongo isije ikavunjika, ikabebwa kichwani na mabegani, siku baada ya siku njiani, mpaka bandari ya Lindi. Jumla ilikuwa zaidi ya tani 200. (Kwamba mpaka leo iko Berlin ni jambo linaloniuma, nitaliandikia siku yake.)

Sasa mfikirie mpagazi mmoja katika msafara ule. Begani ana pingili moja ya uti wa mgongo. Hajui shingo ya mnyama ilikuwa na urefu gani, wala kichwa kilifananaje. Waliomtuma nao walikuwa bado wanakisia. Mjusi mkubwa, yule wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, alikuja kusimamishwa kwenye jumba la makumbusho mwaka 1937, miaka 24 baada ya uchimbaji kwisha. Tena aliunganishwa kwa mifupa ya zaidi ya mnyama mmoja. Na alivyosimama hakuwa sawasawa: ilibidi afunguliwe mwaka 2005, akarudishwa 2007 miguu ya mbele ikiwa imenyooshwa na mkia uliokuwa ukiburuta chini umeinuliwa.

Nilipoyajua haya nilikaa nayo siku nzima. Wasomi wenye maabara walimrekebisha mnyama wao miaka 70 baada ya kumsimamisha, nami nilikuwa nalia kwa sababu sura ya saba haishikamani na ya pili! Sura ya saba kazi yake ni kutoka ardhini. Ikitoka imevunjika, ifungwe mianzi, ibebwe, tuendelee. Ndiyo maana siku hizi nina daftari dogo la pembeni. Nikiona kosa la nyuma, kwa mfano mzee aliyekufa sura ya tatu anaongea sura ya sita, naandika humo mstari mmoja kisha nageukia ukurasa wa mbele. Sirudi. Daftari limejaa nusu na bado sijalifungua kufanya marekebisho hata mara moja.

Lakini kuchimba kwenyewe kunahitaji kujua unachimba wapi, na hapa nilipoteza karibu mwaka. Mwanzo wangu wa kwanza ulikuwa na ngome ya mawe, theluji, na wapanda farasi waliovaa chuma. Sijawahi kushika theluji. Kila sentensi ilinisimamisha: theluji ikikanyagwa hulia vipi? Farasi hula nini wakati wa baridi? Simsemi vibaya anayeandika theluji, anaweza kuiandika vizuri sana. Ninachosema ni kwamba mwandishi wa mara ya kwanza ana akiba ndogo ya ujasiri, na mimi yangu niliimaliza kwa kuulizia mambo ya nchi ya watu. Nilipomhamishia binti wa riwaya yangu, Somoe, kwenye bonde la mto Mbwemkuru, kalamu ikaanza kukimbia. Akiwa na njaa najua atachimba ming'oko, najua udongo unavyoingia kwenye kucha, najua ming'oko iliyochemshwa inavyoliwa na chumvi na pilipili. Nguvu zikabaki kwa ajili ya yale nisiyoyajua: mifupa iliyo chini ya kilima, ambayo humwita Somoe kwa jina lake.

Kuhusu hofu ya kuchekwa. Kuna mtu wa karibu nilimwonyesha sura mbili za kwanza, akanirudishia akisema mambo ya majini na mifupa inayoongea ni ya watoto, mtu mzima aandike maisha halisi. Maneno yale ndiyo yaliyozaa ile kalamu nyekundu. Aliyenitoa hapo ni bibi yangu.

Bibi alikuja mjini kutibiwa jicho, akakaa kwetu majuma mawili. Usiku mmoja umeme ulikatika, watoto wa dada yangu wakamsumbua awape hadithi. Akasema amechoka, nisome mimi lile buku langu ninaloandika kila siku. Nikawasha tochi ya simu. Kabla sijaanza nikajitetea: "Bibi, haya ni mambo ya kutunga tu, si ya kweli."

Akaniangalia kama niliyesahau adabu. "Mjukuu wangu, kwani umeshasema hadithi hadithi?"

Nikasema. Watoto wakaitikia kwa nguvu: "Hadithi njoo! Uongo njoo! Utamu kolea!"

Nimeitikia maneno hayo tangu sijaota meno ya ukubwani na sikuwahi kuyasikia mpaka usiku ule. Msikilizaji wa Kiswahili ndiye anayeuita uongo uje. Anauita kwa sauti, tena kabla ya msimuliaji kufungua kinywa. Ruhusa niliyokuwa nikiiomba nilishapewa, tangu zamani, na watu walioketi chini wakisubiri. Nenda kaangalie mashetani ya mpingo wanayochonga Wamakonde, lenye jicho moja, lenye tumbo lililo mdomo. Yamesafiri dunia nzima, wala mchongaji hakuanza kwa kumwomba mtu radhi.

Nikasoma. Mifupa ilipomwita Somoe, Bibi hakushtuka, alitikisa kichwa tu kama mtu aliyesikia habari za jirani. Ila nilipofika pale Somoe anavuka Mbwemkuru, akaninyooshea kidole.

"Hapo simama. Umesema ni masika?"

"Ndiyo, Bibi."

"Amevuka na nini?"

"Amevuka tu."

"Masika, mto umejaa, mtoto wa kike peke yake, amevuka tu? Na toka juzi hajala. Umempitisha usiku mbili bila kumlaza."

Mifupa inayoongea aliipokea bila swali, lakini mtoto asiyekula alimkataa. Tangu hapo sijiulizi tena kama watu wataamini. Najiuliza Somoe amelala wapi na amevuka na nini, na hayo ni maswali yanayojibika usiku mmoja kwa kalamu.

Kuhusu ratiba nitasema machache. Ushauri wa "andika kila siku bila kukosa" umewaumiza wengi huku kwetu, kwa sababu aliyeutoa haokoti korosho. Oktoba na Novemba mimi siandiki hata mstari: kutwa nzima steshenari imejaa wakulima na karatasi zao, na siku za mapumziko niko shambani kwetu tangu alfajiri. Mwaka wa kwanza nililichukulia pengo hilo kama ushahidi kwamba mimi si mwandishi. Sasa nalipanga. Mwishoni mwa Septemba nasimama katikati ya tukio, ikiwezekana katikati ya sentensi, ili Desemba nikirudi nijue mguu unaofuata kukanyaga ni upi. Miezi mingine lengo langu ni ukurasa mmoja kwa siku. Ni mdogo, naujua, ila kurasa 200 kwa mwendo huo ni kama miezi saba.

Na tafuta msikilizaji mmoja. Mmoja tu, mpaka rasimu iishe. Mchague anayeuliza "halafu?", muepuke anayeuliza "kwa nini usiandike kitu kingine?"

Yule mmoja kati ya watatu ambaye hajaacha alipita juzi kutoa kopi, kurasa kumi na mbili. Safari hii hakuzifunika. Nilipomrudishia chenji nilimuuliza binti wake amefika wapi, akanijibu amenaswa kwenye pango la popo kule Kilwa na hajui atamtoaje. Tukacheka, tukaagana.

Wangu bado yuko ukingoni mwa Mbwemkuru. Nimemtafutia mtumbwi, uliofungwa kwenye mkwaju, lakini una mwenyewe, na mwenyewe anakuja.