Profesa wa Ustoiki asiyekula nyama: je, hoja zake zinakaa chungu kimoja?

Katika vyuo vikuu wapo wanafalsafa waliojenga kazi yao ya maisha juu ya mambo mawili: Ustoiki, yaani falsafa ya kale ya Wagiriki na Warumi, na maadili ya kutokula nyama. Kwa haraka mtu hudhani mambo haya ni ndugu wa tumbo moja. Wastoiki walihimiza kiasi na kujitawala, na asiyekula nyama naye amejizuia. Lakini ukiyasoma maandishi yenyewe unakuta Wastoiki wengi hawakumtetea mnyama hata kidogo. Kwa mhadhiri wa Mombasa anayetaka kulisomesha somo hili, huo ndio ugumu wa kwanza.

Tuanze na upande unaompinga profesa, maana ndio wenye ushahidi mwingi. Shule hii ilianzishwa na Zeno huko Athens mnamo mwaka 300 kabla ya Kristo. Chrysippus, aliyeipa hoja zake nyingi, alifundisha kwamba hakuna uhusiano wa haki kati ya binadamu na wanyama, kwa kuwa wao hawana akili ya kufikiri kama sisi. Anatajwa pia kwa kusema kwamba nguruwe alipewa roho badala ya chumvi, ili nyama yake isioze kabla ya kuliwa. (Darasani Mombasa ni bora kumweka mbuzi badala ya nguruwe. Mantiki haibadiliki, na mwanafunzi atajiona anaguswa.) Epictetus naye, karne kadhaa baadaye, alieleza kwamba wanyama wameumbwa kututumikia, ndiyo maana huja wakiwa tayari wamevikwa manyoya na kwato.

Upande wa pili una shahidi mmoja mzito: Musonius Rufus, mwalimu wa Epictetus huyohuyo. Mhadhara wake wa 18 unahusu chakula. Anasema nyama ni chakula kizito, kinachowafaa zaidi wanyama wa mwituni, na kwamba humzuia mtu kufikiri vizuri. Anapendekeza matunda ya msimu, mboga, nafaka, maziwa, jibini na asali. Yupo pia Seneca, Mstoiki wa Roma, aliyeacha nyama kwa mwaka mzima ujanani na kuhisi akili yake imechangamka. Akarudi kuila kwa ombi la baba yake, wakati wa Kaisari Tiberius, kwa kuwa kuacha nyama za wanyama fulani kulianza kuhesabiwa kuwa dalili ya kufuata dini za kigeni.

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Wanawataja Musonius na Seneca, kisha wanafunga mjadala. Lakini Seneca alipata hoja zake kwa mwalimu wake Sotion, aliyezichota kwa wanafalsafa Pythagoras na Sextius, si kwa Zeno. Musonius naye anazungumzia mlaji tu: mwili wake, akili yake, uroho wake. Katika mhadhara ule maumivu ya mbuzi hayatajwi kuwa sababu. Profesa anayedai kwamba Wastoiki walikuwa watetezi wa wanyama anasema jambo ambalo maandishi hayalibebi, na mhakiki yeyote wa jarida la falsafa ya kale ataliona.

Kuna tatizo zito zaidi, na kwangu ndilo kiini cha mjadala wote. Watetezi wakubwa wa wanyama wa zama zetu, Peter Singer mwaka 1975 na Tom Regan mwaka 1983, walijenga hoja zao, mmoja juu ya mateso, mwingine juu ya haki za mnyama. Mstoiki anasema maumivu si uovu. Uovu pekee ni tabia mbaya. Sasa mtu asiyehesabu maumivu yake mwenyewe kuwa ni uovu atayahesabuje ya ng'ombe?

Jibu lipo, ingawa linahitaji kujengwa. Mstoiki anamwambia binadamu kwamba maumivu si uovu kwa sababu binadamu ana akili ya kuyapima na kukataa kuyakubali kuwa ni msiba. Mnyama, kwa mafundisho yao wenyewe, hana akili hiyo. Basi hana ngao hiyo, na maumivu yanamfikia yote. Hoja waliyoitumia kumnyima haki inageuka kuwa sababu ya kumhurumia. Nakubali kwamba hii ni hoja mpya juu ya msingi wa kale, na profesa mkweli ataitangaza hivyo, asimsingizie Chrysippus.

Hoja hii inafungua pia mlango ambao Singer hakuufungua kwa namna hiyo. Kwa Mstoiki, nyama yenyewe si njema wala mbaya. Kinachohukumiwa ni uchaguzi wa mtu katika hali aliyo nayo. Mfugaji wa maeneo makavu ya kaskazini, anayeishi kwa mifugo na hana shamba, hahukumiwi sawa na mkazi wa Nyali mwenye soko la Kongowea karibu. Wakosoaji huuita mtazamo huu ulegevu. Mimi nauona ni uadilifu.

Mombasa ina pingamizi lake. Qur'ani, sura ya Al-Maida aya ya 87, inakataza kuharamisha vizuri alivyohalalisha Mwenyezi Mungu, na Idd el-Hajj ina udhiya wake, yaani kuchinja mnyama kama ibada. Mwalimu anayesema nyama ni dhambi atapoteza darasa, na ana haki ya kulipoteza. Lakini Musonius hakuharamisha, alishauri kuacha. Tofauti hiyo ielezwe somo la kwanza, si la kumi.

Kuhusu sufuria, hali ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Mbaazi za nazi, kunde, pojo na maharagwe vimo tayari katika chakula cha Pwani, na familia nyingi za Wahindu na Wajaini mjini zimeishi bila nyama vizazi vingi. Kinachoharibu mambo ni vitu vidogo. Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea ya kawaida. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku, atoe kwenye maziwa, mayai au vidonge. Madini ya chuma ya kunde hufyonzwa vizuri zaidi pakiwa na ndimu au embe, na hupungua chai ikinywewa pamoja na chakula. Maharagwe mekundu yakichemka kwa nguvu chini ya dakika 10 hubaki na sumu inayoumiza tumbo. Wengi huishia kusema falsafa imewashinda, kumbe ni mapishi.

Na kwa anayetaka kuifanya hii kuwa kazi: Kigiriki cha kale na Kilatini kwanza, kwa sababu vitabu vya Zeno na Chrysippus vimepotea na tunavisoma vipande vipande, vingi vikiwa katika maandishi ya wapinzani wao. Maadili kuhusu wanyama yafuate. Anayeanza na wanyama kisha akatafuta Wastoiki wa kumuunga mkono atawapata wawili au watatu, na atawasoma vibaya.