Hodi ni hodi, na viatu ni mlangoni

Jumamosi asubuhi dalali alimleta mkaguzi kuiangalia nyumba tunayopanga hapa Kisenyi, Kampala, maana mwenye nyumba anataka kuiuza. Kukagua ni haki yake, sikatai. Lakini hodi moja tu, hata sijaitikia "karibu", mtu yuko sebuleni! Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na udongo wetu mwekundu mnaujua: ukishika kwenye mkeka hautoki leo wala kesho. Akakanyaga mpaka msala wa mama, pale pale anapoweka paji la uso. Mama hakusema neno. Aliukunja taratibu, akaenda kuufua.

Kisha mkaguzi akafungua kabati la nguo. Jamani, unakagua kuta, mabomba na paa. Kanga za mama zinakuhusu nini? Jikoni akafungulia maji, akayaacha yanatiririka huku anaongea na simu. Bili nalipa mimi.

Hata Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 2022 inatambua haki ya mpangaji kukaa kwa utulivu. Nipigieni simu siku moja kabla, nitawafungulia kila mlango. Viatu mviache nje, tafadhali.