Hakuna hitilafu iliyoonekana: mzigo wa kuthibitisha kasoro ya gari ni wa nani?

Gari langu lilianza kunizimikia likiwa na miezi 14 tu tangu litoke kwa wakala. Halikuzima asubuhi, wala likiwa limeshika kasi barabara kuu. Lilingoja lipate moto, foleni ikaze, ndipo injini inyong'onyee kama mtu aliyeishiwa pumzi, usukani uwe mzito mikononi, na walio nyuma waanze kupiga honi. Nikikaa dakika 20 bila kugusa kitu, linawaka kana kwamba halijawahi kuugua.

Nililipeleka kwenye kituo cha huduma. Walilipokea asubuhi likiwa limepoa, wakachomeka mashine ya kupima, wakalizungusha kidogo, na jioni nikapewa karatasi yenye mstari mmoja: "Hakuna hitilafu iliyoonekana." Mara ya pili nikapewa karatasi ileile. Mara ya tatu dada wa mapokezi aliniuliza kwa upole kama nina uhakika na mafuta ninayojaza.

Swali hilo liliniuma kuliko kuzimika kwenyewe. Gari lina vipuri vinavyokadiriwa kufika 30,000 ukihesabu hadi skrubu ndogo, na hakuna kiwanda duniani kisichokosea. Mwenye gari wa kawaida anajua hilo na anasamehe. Kinachomvunja moyo ni kwamba ghafla yeye ndiye anayetakiwa kuthibitisha, bila vifaa, bila michoro, bila taarifa ya magari mengine ya aina ile, kwamba hakuharibu yeye.

Hata hivyo, viwanda vina hoja, na moja ina uzito mkubwa. Wenye magari hukosea, na wakati mwingine hukosea wengi kwa pamoja. Katika miaka ya 1980 madereva wengi wa Audi 5000 huko Marekani walisema magari yao yalichomoka kwa kasi yenyewe huku wao wamekanyaga breki. Habari ikaenda hewani kwenye kipindi cha televisheni cha 60 Minutes mwaka 1986, hasira ikapanda, na mauzo ya Audi nchini humo, yaliyokuwa zaidi ya magari 74,000 mwaka 1985, yakaporomoka hadi karibu 12,000 mwaka 1991. Katikati ya anguko hilo, mwaka 1989, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilitoa ripoti yake: visa vingi vya aina hiyo vilitokana na dereva kukanyaga pedali ya mafuta akidhani ni breki. Watu wale hawakuwa waongo. Mguu ulikuwa na hakika kwamba uko kwenye breki, na hakika hiyo ndiyo waliyoisimulia. Lakini kampuni ilikaribia kufukuzwa sokoni kwa kosa ambalo kwa sehemu kubwa halikuwa lake.

Fundi yeyote mkweli atakuongezea mengine. Kuna anayekaa kilomita 20,000 bila kubadilisha oili kisha anadai injini mpya. Kuna aliyechezea programu ya injini ili apate nguvu zaidi, akairudisha ya awali usiku wa kuamkia siku ya kuja kituoni. Kiwanda kikilipa kila dai bila kuuliza, gharama inapanda kwenye bei ya gari, na anayelipa ni yule anayelitunza gari lake vizuri.

Tena yule dada wa mapokezi siye adui. Mara nyingi wakala ni mfanyabiashara anayejitegemea, na kazi ya waranti hulipwa na kiwanda kwa muda uliopangwa mapema. Kubadilisha pampu kuna saa zake kadhaa zilizoandikwa. Kuisaka hitilafu inayojificha kunaweza kula siku tatu za fundi hodari, na kwa kawaida kazi hiyo haina malipo ya maana, au haina kabisa kama hakikupatikana kitu. Wakala akifunga kipuri kwa kukisia, wakaguzi wa kiwanda wanaweza kukipima kile cha zamani, wakikuta kizima wakamkata pesa. Hapo "hakuna hitilafu iliyoonekana" ndiyo jibu lililo salama kwake. Halitokani na dharau. Ni hesabu, na aliyeipanga hesabu hiyo ni kiwanda.

Sasa kuna upande wa pili, na nakiri kwamba mizani yangu inaelemea huku. Mimi nina gari moja. Kwangu kuzimika ni tukio, na tukio moja linaweza kuwa chochote: mafuta mabaya, bahati mbaya, mguu wangu. Kiwanda kina magari laki kadhaa ya aina hiyo barabarani. Kila dai la waranti linaingia kwenye kompyuta zake, kila pampu inayoagizwa inahesabiwa. Kinachoonekana kwangu kama mkosi, kwake kinaweza kuwa mstari unaopanda mwezi hadi mwezi. Mwenye picha nzima ni kiwanda, kisha anayeambiwa alete ushahidi ni mimi.

Mfano ninaourudia kila mara ni wa swichi ya kuwashia gari ya General Motors. Swichi hiyo, iliyofungwa kwenye magari kama Chevrolet Cobalt na Saturn Ion, ilikuwa laini mno. Ufunguo wenye mzigo mzito wa funguo nyingine, au goti likiugusa kidogo, uliweza kujizungusha wenyewe gari likiwa mwendoni. Injini inazima, usukani unakuwa mzito, na mifuko ya hewa inaweza isifunguke gari likigonga. Tatizo lilishajulikana ndani ya kampuni tangu majaribio ya Saturn Ion mwaka 2001. Mwaka 2005 mawakala walitumiwa waraka wa kiufundi, na ushauri wa kumpa mteja anayelalamika ulikuwa aondoe vitu vizito kwenye mshikio wa funguo zake.

Vuta picha ya mteja huyo. Amekuja kusema gari linamzimikia barabarani, anaondoka ameambiwa apunguze funguo. Bila shaka wapo waliofika nyumbani wakauchomoa ufunguo wa kabati na wa geti, wakijiona ndio waliokosea.

Mwaka 2006 swichi ikaboreshwa kimyakimya na namba ya kipuri ikaachwa ileile. Kwa mtu wa gereji huo ni mtego mkubwa, kwa sababu swichi mbovu na swichi nzima zinasomeka kama kitu kimoja kwenye kila karatasi. Aliyefumbua jambo ni mhandisi wa kujitegemea aliyekuwa akisaidia familia iliyofiwa katika kesi ya Georgia, baada ya kuweka swichi mbili pamoja na kuzilinganisha. Magari yakaanza kuitwa yarudi mwaka 2014, na mfuko wa fidia ulioundwa na kampuni ukakubali madai ya vifo 124.

Mitsubishi Motors nayo ilikiri mwaka 2000 kwamba kwa zaidi ya miaka 20 ilikuwa ikiwaficha wakaguzi wa serikali ya Japani malalamiko ya wateja. Malalamiko yalipokelewa, yakasomwa, yakawekwa pembeni. Kwa hiyo mtu anaposema "wanajua, ila hawataki kusema", tusiharakishe kumwona mzushi.

Kesi inayonisumbua zaidi ni ya Toyota, kwa kuwa inazipa pande zote mbili haki yao kwa wakati mmoja. Mwaka 2009 na 2010 mamilioni ya magari yake yaliitwa kwa sababu ya kuchomoka kwa kasi. Wengi waliamini mitambo ya kielektroniki ndiyo mkosaji. Wahandisi wa NASA wakaombwa kuchunguza, na ripoti iliyotolewa mwaka 2011 ilisema hawakupata hitilafu ya kielektroniki inayoweza kuleta kasi kubwa za aina ile. Kampuni ikapumua. Lakini mwaka 2014 Toyota hiyohiyo ilikubali kulipa dola bilioni 1.2 katika makubaliano na Wizara ya Sheria ya Marekani kwa kuwapotosha wateja kuhusu zulia linalonasa pedali na pedali zinazokwama. Wateja walikosea kuhusu chanzo. Hawakukosea kwamba kuna kitu wanafichwa.

Mtu anayehisi anafichwa hujaza pengo kwa dhana yake, na dhana hiyo huwa mbaya kuliko ukweli. Viwanda vinalalamika kwamba wateja wanazusha, huku vyenyewe ndivyo vilivyofungia taarifa ambazo zingeuzima uzushi huo mapema.

Baadhi ya sheria zimeshaanza kuusogeza mzigo. Marekani ina sheria za majimbo kuhusu magari mabovu. Connecticut ilitangulia mwaka 1982, na msingi wake ni kwamba gari jipya likirekebishwa mara kadhaa kwa kasoro ileile, au likilala gereji kwa jumla ya siku 30 hivi, mteja ana haki ya kurudishiwa pesa au kupewa gari lingine. Sheria hizo ni nzuri, ila zina tundu: marekebisho lazima yaandikwe. Karatasi inayosema "hakuna hitilafu iliyoonekana" ni rahisi kubishiwa kwamba haikuwa jaribio la kurekebisha. Nashauri kila mwenye gari asiondoke kituoni kabla lalamiko lake halijaandikwa kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na tarehe na kilomita.

Ulaya iligusa penyewe. Kwa maagizo ya Umoja wa Ulaya yaliyoanza kutumika Januari 2022, kasoro inayojitokeza ndani ya mwaka mmoja tangu mteja akabidhiwe bidhaa huchukuliwa kuwa ilikuwapo tangu mwanzo, na muuzaji ndiye anayepaswa kuonyesha kinyume chake. Uingereza, kwa sheria yake ya mwaka 2015, muda huo ni miezi sita. Huko muuzaji akidhani nimelitesa gari, anathibitisha yeye.

Pingamizi ninalolisikia ni kwamba utaratibu huu utawafaidisha walaghai. Sikubaliani, angalau kwa magari ya leo. Kompyuta ya gari inahifadhi mengi: joto la injini, misimbo ya hitilafu, mara nyingi hata alama za programu iliyowahi kubadilishwa. Kiwanda ndicho kinachojua kuzisoma kumbukumbu hizo. Aliyekaa kilomita 20,000 bila oili anaacha ushahidi ndani ya injini yenyewe. Mwenye vifaa vya kupima akitakiwa kuthibitisha ulaghai, atafaulu mara nyingi. Mimi nikitakiwa kuthibitisha uaminifu wangu kwa karatasi za sevisi peke yake, nitashindwa mara nyingi.

Pingamizi jingine nalikubali: gari kuukuu lililopita mikono mitatu haliwezi kulindwa hivyo. Ila hata mwenye gari hilo anastahili taarifa. Marekani nyaraka ambazo kiwanda huwatumia mawakala huwekwa kwenye tovuti ya NHTSA, na yeyote anaweza kuzisoma. Penye utaratibu wa namna hiyo mtu haambiwi apunguze funguo bila kujua ni wangapi wameambiwa hivyo kabla yake.

Gari langu lilipona, kama ni kupona. Safari ya nne nilipitia foleni kwa makusudi, nikafika nalo likiwa na moto, na likazimika ndani ya geti la kituo, mbele ya fundi mmoja kijana. Hakuniuliza swali. Alichukua geji ya presha, akaifunga kwenye bomba la mafuta, akanyamaza akiutazama mshale uliolala chini. Ilikuwa pampu ndani ya tangi: ikipoa inasukuma mafuta sawasawa, ikipata moto inalegea. Kompyuta haikuandika kosa lolote kwa kuwa gari hilo halina kihisi cha presha upande ule, jambo ambalo aliyelitengeneza analijua fika.

Walibadilisha pampu kwa waranti. Kwenye karatasi ya mwisho, sehemu ya historia, safari zangu tatu za mwanzo zilikuwa bado zimeandikwa kwamba hakuna hitilafu iliyoonekana. Niliomba zirekebishwe, maana pampu ileile ilikuwa mbovu siku zote tatu na kuna mwingine mwenye gari kama langu ambaye kesho ataulizwa kuhusu mafuta anayojaza. Nikajibiwa kwamba mfumo hauruhusu kubadilisha kumbukumbu iliyofungwa. Nimeandika barua kwa kiwanda, nikaambatanisha karatasi zote nne na picha ya geji, na nasubiri jibu.